Vyumba Vinne Vitupu

Urmas aliniandikia mistari miwili kutoka Hiiumaa:
Programu yako haisakiniki.
Nimerudia penseli.

Nikamjibu upesi, kikombe cha kahawa mkononi,
jibu ambalo kila fundi wa kazi hii amewahi kulitoa
na kila mmoja angetamani kulifuta:
Kwangu inafanya kazi.

Kwangu. Ndiyo.
Kwangu, Tartu, ghorofa ya tatu, bomba la joto likigonga usiku kucha,
ambako kompyuta ina miaka saba ya makombo,
mafaili niliyoyaweka nikayasahau,
viraka juu ya viraka.
Kwangu hata mlango mbovu hufunguka,
maana najua pa kuusukuma kwa bega.

Lakini yeye yuko kisiwani na keekee yake,
anatoboa bahari iliyoganda, anashusha rula,
na ng'ambo magari yanasubiri kuambiwa
kama maji yameshakuwa barabara.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Jioni ile nikatandika vinne.

Vyumba vinne ndani ya mashine moja,
kuta bila picha, bila kabati, bila jana.
Katika kila kimoja lugha ileile kwa umri tofauti:
toleo la sita, la nane, la kumi, la kumi na mbili,
kama kina dada wanne waliolelewa nyumba moja
wasiocheka mzaha uleule.
Nikaamuru: ingia, sakinisha, jaribu, toka.
Usiazime chochote kwangu. Hata chumvi.

Nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyekundu.
Si yule mkongwe peke yake, niliyekuwa tayari kumlaumu.
Wote wanne walisimama mstari wa arobaini na moja
wakiuliza kitu kimoja:
jedwali la chumvi liko wapi?

Nilicheka, kisha nikaacha.
Jedwali lilikuwa kwenye folda yangu mwenyewe,
namba mia mbili na kumi za kurekebisha barafu ya bahari,
zilizochapwa na Tõnis, aliyekaa meza ya pili miaka sita
akila mkate mweusi juu ya kibodi,
akahamia Oulu siku ya Jumanne bila keki wala hotuba.
Miaka yote hiyo nilidhani natembea kwa miguu yangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Hakuna aliyeniambia mgeni anaweza kuwa chumba kitupu.

Nikalifunga jedwali ndani ya kifurushi,
nikaandika jina la Tõnis, na kiwimbi chake juu ya herufi.
Nikabomoa vyumba. Nikavijenga upya.
(Ndivyo inavyotakiwa: ukiviacha,
navyo huanza kukusanya makombo.)
Kijani. Kijani. Kijani.
Na toleo la sita, nyekundu.

Huyu alikwama kwenye alama moja,
alama iliyobuniwa yeye akiwa ameshazeeka,
niliyoipenda kwa kuwa
ilibana mistari miwili ikawa mmoja.
Ningeweza kumwambia Urmas: nunua kompyuta.
Ile yake ilinunuliwa na halmashauri, imo ndani ya sanduku la bati,
inavuta umeme kutoka gati la feri,
na inaamka kila asubuhi kwenye baridi ambayo mimi singeamka.
Nikairudisha mistari miwili.
Haikuwa mibaya. Ilisomeka vizuri zaidi,
ingawa sitamwambia mtu.

Saa nane na dakika kumi usiku, vyote vinne kijani.
Nje mto Emajõgi ulikuwa umenyamaza chini ya theluji.
Nikatuma. Nikalala na soksi.

Asubuhi likaja jibu, mistari miwili kama kawaida yake:
Imeingia.
Barafu bado haijatosha.